Meli za kubeba ndege za kivita: ugumu wake hasa uko wapi, na bado zina kazi?

Mdadisi27

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua muda sasa, naomba wenye uelewa wa mambo ya jeshi la majini wanisaidie, na naomba maelezo ya kutosha sio mstari mmoja.

Hizi meli za kubeba ndege za kivita, Marekani wanazo 11 zile kubwa za nyuklia. Urusi ambao walipeleka mtu anga za juu tangu 1961 wana moja tu, Admiral Kuznetsov, na yenyewe miaka nenda rudi imekwama kwenye matengenezo. Ufaransa moja, Uingereza mbili, India mbili, China ndo wamefikisha tatu juzi juzi hapa. Sasa najiuliza, chuma ni chuma na meli ni meli, kuna nchi zinaunda meli za makontena ndefu kuliko hata hizo manowari, kwa nini hii moja iwashinde? Ni hela tu au kuna kitu kingine nyuma yake?

Pili, uwanja wa ndege wa kawaida una kilomita mbili tatu, meli ina mita 330 na kidogo na hapo hapo ndege zingine zimepaki juu yake, sa ndege inapaaje na inatuaje bila kuishia majini?

Tatu, kuna watu wanasema hizi meli zimepitwa na wakati, eti kombora moja tu na watu elfu tano wanaenda chini. Nataka kujua ukweli uko wapi. Natanguliza shukrani.

---

ChumaChaPua

Mkuu umeuliza vizuri, mimi ntajikita kwenye ujenzi maana ndo eneo ninalolipenda, hayo mengine wadau watakuja.

Urefu peke yake sio tatizo, hapo uko sahihi. Meli kubwa za makontena siku hizi zinafika mita 400 na USS Gerald R. Ford ambayo ndo manowari kubwa kuliko zote duniani ina mita 337 hivi. Tofauti ni kilichomo ndani. Meli ya mizigo ndani ni uwazi, injini iko nyuma, mabaharia ishirini na kitu basi. Ford ina vinu viwili vya nyuklia, inafika tani 100,000, ina watu zaidi ya 4,500 ukijumlisha na wa upande wa ndege, halafu kuna maghala ya mabomu, matanki ya mafuta ya ndege, hospitali, karakana za kufungua injini za ndege, hanga lenyewe chini ya sitaha, lifti za kupandisha ndege, na vyote hivyo vimegawanywa kwenye vyumba vingi sana visivyopitisha maji na kila ukuta umepitishwa mabomba na nyaya ambazo ukikosea moja unabomoa kumi kuifikia.

Marekani nzima pamoja na ukubwa wake ina chelezo (mahali pa kuundia meli) moja tu inayoweza kujenga hizi meli, iko Newport News jimbo la Virginia. Wanajenga vipande vipande, wanachomelea kipande ndani ya karakana kikiwa kimegeuzwa juu chini ili fundi asichomelee akiangalia juu, wanakitia mabomba na nyaya humo humo, halafu winchi kubwa yenye uwezo wa kuinua karibu tani elfu moja inakibeba na kukishusha kwenye chelezo mahali pake. Ule mnara wa juu wa Ford ulipandishwa hivyo hivyo mwaka 2013 mzima mzima, una uzito wa zaidi ya tani 500. Na sasa angalia muda: chuma cha kwanza cha Ford kilikatwa 2005, mkuku (uti wa chini wa meli) ukawekwa 2009, ikaelea 2013, ikaingia jeshini 2017, lifti zake za silaha ambazo ziko 11 ya mwisho ilikamilika Desemba 2021, na safari yake kamili ya kwanza ni 2023. Miaka 18 kutoka chuma cha kwanza! Na bei yake ni kama dola bilioni 13, hapo hujahesabu ndege hata moja.

Waingereza walifanya kwa njia nyingine. HMS Queen Elizabeth ilijengwa kwa mapande kwenye chelezo sita tofauti nchini kwao, mapande mengine yakiwa na zaidi ya tani 10,000, yakavutwa kwa majahazi ya chuma kupita baharini mpaka Rosyth huko Scotland, ndo yakaunganishwa. Fikiria pande limejengwa Glasgow na lingine Portsmouth, yanakutana kwa mara ya kwanza kwenye chelezo na kila bomba linatakiwa liangukie kwenye mwenzake. Na bado pacha wake HMS Prince of Wales mwaka 2022 alitoka Portsmouth kwenda Marekani hata hajafika mbali kiungio cha mhimili wa rafadha (pangaboi) kikaachia, safari ikaishia hapo.

Sasa kuhusu Urusi. Wengi hawajui hili: meli zote kubwa za kubeba ndege za Umoja wa Kisovieti zilijengwa Mykolaiv, na Mykolaiv iko Ukraine. Umoja ulipovunjika 1991 Urusi ikabaki na Kuznetsov ila ikapoteza chelezo, mafundi, na zile michoro zilizokuwa kichwani mwa watu. Kulikuwa na moja ya nyuklia inajengwa pale inaitwa Ulyanovsk, ikakatwa vyuma chakavu ikiwa haijafika hata nusu. Nyingine Varyag ikauzwa 1998 kwa mnunuzi aliyesema anaenda kuifanya kasino inayoelea, ikaishia China na leo ndo Liaoning. Kuznetsov yenyewe 2018 ilikuwa juu ya gati linaloelea karibu na Murmansk, umeme ukakatika gati likazama na winchi ikaangukia sitaha ya meli, mwaka uliofuata ikaungua moto. Kwa hiyo sio kwamba Warusi hawana akili, ila ukipoteza mahali pa kujengea na mikono iliyozoea hata uwe na hela kiasi gani unaanza upya.

---

Tezi_na_Omo

ChumaChaPua kamaliza upande wa ujenzi, mi nijibu swali la pili. Ila naongeza kitu kimoja hapo hapo: meli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni sitaha na watu wake, na hiyo ndo ngumu zaidi mana hainunuliki.

Kupaa kwanza. Meli inageuza omo, yaani mbele yake, kuelekea upepo unakotoka na inakimbia kwa nguvu, zile za nyuklia zinapita kilomita 55 kwa saa, kwa hiyo kabla ndege haijasogea hata kidogo tayari mabawa yanapata upepo mkali. Halafu kuna manati. Hii ni reli iliyofukiwa ndani ya sitaha, chini yake kuna silinda mbili ndefu za mvuke wenye presha kubwa unaotoka kwenye vinu, juu inatokeza kichwa kidogo tu kinachoshika gurudumu la mbele la ndege. Ikiachiwa ndege inatoka sifuri mpaka karibu kilomita 260 kwa saa ndani ya sekunde mbili hivi na umbali usiofika mita 100.

Ukiangalia kwa karibu kinachofanyika hapo ndo utaelewa kwa nini nasema watu. Kabla ya kurusha, jamaa wa fulana ya kijani anamwinulia rubani ubao wenye namba, huo ni uzito wa ndege na silaha na mafuta yake yote, rubani anakubali kwa ishara kwamba ndo wenyewe, na presha ya mvuke inapangwa kwa namba hiyo. Ikiwa ndogo ndege inaangukia mbele ya meli, ikizidi inang'oa vyuma. Nyuma ya ndege ukuta wa chuma unainuka kuzuia moto wa injini usiunguze wengine. Rubani anasukuma injini mpaka mwisho, na kwenye F/A-18, ndege ya kivita ya Marekani, mkono wake wa kulia hashiki usukani, anashika kishikio kilichoko juu kwenye fremu ya kioo, mana ule mshtuko ungemfanya avute usukani bila kutaka, kompyuta ndo inainua pua ya ndege. Anakuja kushika usukani akiwa tayari yuko juu ya maji.

Kutua sasa. Nyuma kwenye tezi kuna waya nene tatu au nne zimelazwa kukatiza sitaha, ndege inashuka na kulabu chini ya mkia, kulabu inanasa waya mmoja, na chini ya sitaha kuna mashine zinazoufungua huo waya huku zikikaba, ndege inasimama ndani ya mita kama 100. Kitu ambacho watu wengi hawaamini ni kwamba magurudumu yakigusa tu rubani HAPUNGUZI, anasukuma injini mpaka mwisho, kwa sababu kama kulabu imekosa waya zote inabidi apae tena hapo hapo, hana pa kusimamia. Ndo mana njia ya kutulia imekatwa kwa mshazari, kama nyuzi 9 kushoto, akikosa waya mbele yake kuna bahari tupu na sio ndege zilizopaki. Zamani kabla ya hapo walikuwa wanatega wavu mkubwa katikati ya sitaha na ajali zilikuwa mbaya sana. Njia ya mshazari, manati ya mvuke, na ile taa ya kumwonyesha rubani kama yuko juu au chini ya mstari wake, vyote vitatu walivumbua Waingereza baada ya Vita ya Pili, Marekani ndo wakavikuza.

Na waya ukikatika je? Inatokea. Mei 2025 USS Harry S. Truman ikiwa Bahari ya Shamu ndege ilitua mfumo wa kukaba ukashindwa kuisimamisha, ikaenda majini, marubani wawili wakajirusha wakaokolewa.

Rangi za fulana pale juu zina maana zote. Njano wanaongoza ndege zinakoenda, zambarau mafuta, nyekundu mabomu na pia uokoaji wa ajali, kijani manati na waya, kahawia ndo wenye dhamana ya ndege mojamoja, bluu wanazisukuma na kuzifunga minyororo, nyeupe usalama na madaktari. Kelele ni kubwa kiasi kwamba mawasiliano ni ya mikono. Na wastani wa umri wa hao vijana ni mdogo kweli, wengi hawajafika miaka 25. Kila siku kabla ya kuanza kurusha wanapanga mstari bega kwa bega upana wote wa sitaha wanatembea taratibu wameinamisha vichwa wanaokota kila skrubu, kila kipande cha waya, mana skrubu moja ikivutwa na injini ya ndege inaua injini na pengine rubani.

Haya yote hayaandikwi kwenye kitabu ukanunua. Waingereza walipostaafisha ndege zao za Harrier 2010 wakabaki hawana meli ya kurushia ndege za mabawa mpaka Queen Elizabeth ije, kwa miaka yote hiyo wakawa wanapeleka marubani na watu wao wa sitaha kwenye meli za Marekani ili ujuzi usife. Hao ndio waliovumbua! China nao walijenga mfano wa meli ya zege juu ya jengo huko Wuhan kujifunzia. Thailand walinunua meli kutoka Hispania, Chakri Naruebet, 1997, ndege zake za Harrier zikastaafu 2006 na mpaka leo imebaki na helikopta.

---

Mdadisi27

Daah asanteni sana, Tezi hapo kwenye rubani kushika fremu nimebaki mdomo wazi. Swali dogo la nyongeza, nimeona meli zingine mbele sitaha imeinuka juu kama mlima, za Waingereza na India na Kuznetsov. Hizo hazina manati?

---

Tezi_na_Omo

Ndiyo mkuu, hizo hazina manati. Ule mwinuko unairusha ndege juu ili ipate sekunde chache za ziada za kuongeza kasi kabla haijaanza kushuka. Faida yake ni rahisi kujenga na haina kitu cha kuharibika. Hasara ni kwamba ndege inapaa na mzigo mdogo zaidi, mafuta pungufu au mabomu pungufu, na ndege nzito za rada kama Hawkeye haziwezi kutokea pale kabisa. Waingereza rada yao ya angani wameifunga kwenye helikopta, na helikopta haiwezi kupanda juu sana wala kukaa angani muda mrefu kama ndege, kwa hiyo meli inaona karibu zaidi. Hiyo ni tofauti kubwa mno vitani.

Manati ndo kipimo hasa. Hata Ufaransa, Charles de Gaulle ndo meli pekee ya nyuklia ya aina hii nje ya Marekani, lakini manati zake zimetokana na Marekani. Ndo mana watu walishtuka China walipoiteremsha Fujian, meli yao ya tatu, 2022, waliruka mvuke moja kwa moja wakaenda kwenye manati ya sumakuumeme kama ya Ford, na meli yenyewe sio ya nyuklia. Imeingia kazini 2025.

---

Msema_Wazi

Nawaheshimu wote mliochangia ila naona mnaipamba sana hii kitu, na swali la tatu la mleta mada mnalikwepa.

Hizi meli zilitawala 1942. Aprili 2022 Waukraine waliizamisha Moskva, meli kubwa ya kivita ya Urusi iliyokuwa inaongoza kikosi cha Bahari Nyeusi, kwa makombora mawili yaliyorushwa kutoka nchi kavu, na Ukraine wakati ule hata jeshi la majini la maana hawana. China wana kombora la kupiga meli DF-21D ambalo linatajwa kufika kilomita 1,500 na kuna DF-26 linaloenda mbali zaidi ya hapo. Ndege ya F/A-18 bila kujazwa mafuta angani haiwezi kwenda umbali huo na kurudi. Sa fanyeni hesabu wenyewe, ili ndege zako ziwe na maana inabidi meli isogee ndani ya eneo ambalo kombora linaifikia. Dola bilioni 13 na roho za watu elfu nne na mia tano zinasogezwa pale kwa ajili gani?

Na kombora sio hatari kubwa kuliko zote, nyambizi ndo hatari. Mwaka 1982 kwenye vita ya visiwa vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, Argentina walikuwa na meli yao ya kubeba ndege Veinticinco de Mayo, nyambizi ya Uingereza ilipoizamisha meli nyingine ya kivita ya Argentina, Belgrano, tu, hiyo meli ikarudi karibu na nyumbani na haikutoka tena mpaka vita imeisha. Haikupigwa hata risasi, woga wa nyambizi tu. Na 2005 Marekani waliikodi nyambizi ndogo ya Sweden, Gotland, ya injini za kawaida sio nyuklia, kwenye mazoezi ikafanikiwa kuifikia USS Ronald Reagan mpaka umbali wa kuipiga. Kwa mimi hela hiyo ingenunua nyambizi tano nzuri.

---

BintiBahari

Kaka Msema_Wazi hoja zako ni nzito na hiyo ya umbali nakubaliana nayo kabisa, hilo ndo tatizo la kweli la hizi meli leo. Ila hapo kwenye "kombora moja" tuweke sawa.

Kwanza kombora linahitaji kujua meli ilipo, sio ilipokuwa. Setilaiti ikikuonyesha sasa hivi halafu taarifa ikachukua nusu saa mpaka kombora lifike, meli inayokwenda kilomita 55 kwa saa inaweza kuwa popote ndani ya duara la karibu kilomita za mraba 2,400. Lazima kuwe na jicho linaloifuata mpaka dakika ya mwisho, na kazi ya kwanza ya kikosi kizima ni kupofusha hayo macho. Moskva ilikuwa karibu na pwani, mfumo wa zamani, na haikuwa na ndege zake za rada juu kuangalia makombora yanayokuja yakiwa yamelala juu ya maji.

Meli ya kubeba ndege haitembei peke yake. Inazungukwa na meli za makombora zenye rada za Aegis (mfumo wa kugundua na kutungua makombora), chini kuna nyambizi ya kuisindikiza, juu kuna Hawkeye inazunguka inaona mamia ya kilomita. Kuanzia mwisho wa 2023 USS Dwight D. Eisenhower na wenzake walikaa Bahari ya Shamu miezi na miezi wakirushiwa droni na makombora na Wahouthi wa Yemen, hakuna lililoipiga. Ila gharama yake kaeni mkiijua: watu walichoka mno, na Desemba 2024 meli ya ulinzi ya Marekani yenyewe iliitungua F/A-18 ya Truman kwa kudhani ni kombora. Hilo linaumiza kulisoma.

Na kuzama ni jambo jingine. Mjapani alikuwa na Shinano, meli iliyoanza kama ya mizinga ya aina ya Yamato wakaigeuza iwe ya kubeba ndege, wakati wake hakuna kubwa kuliko hiyo. Wakaiharakisha itoke chelezoni, milango ya kuzuia maji haijakamilika, mabaharia hawajaizoea. Novemba 1944, siku kumi baada ya kukabidhiwa, nyambizi Archerfish ikaipiga torpedo nne na ikazama masaa machache baadaye, maji yalipita chumba hadi chumba kwenye matundu ya mabomba ambayo hayajazibwa. Taihō, mpya pia, mwezi Juni mwaka huo huo ilipigwa torpedo MOJA tu, haikuwa na shida kubwa, lakini mvuke wa mafuta ya ndege ukavuja ndani, mtu akawasha feni ili utoke, ukasambaa meli nzima, baada ya masaa kadhaa ikalipuka.

Upande wa pili USS Forrestal Julai 1967, roketi ilijifyatua yenyewe kutoka ndege iliyopaki ikapiga nyingine, mafuta yakamwagika na moto, na mabomu yaliyokuwa pale yalikuwa ya zamani yasiyostahimili joto. La kwanza lililipuka dakika moja na nusu tu baadaye likaua karibu kikosi chote cha wazima moto waliofundishwa. Waliobaki walikuwa vijana wasiojua, wengine walimwaga maji juu ya povu ambalo wenzao walikuwa wameweka, likasombwa na moto ukaendelea. Watu 134 walikufa. Meli haikuzama, ikarudi kazini. Tangu hapo kila baharia wa Marekani awe mpishi awe karani anafundishwa kuzima moto. Mimi kila nikisoma habari ya siku hiyo nawaza wale vijana waliokuwa wanasukuma mabomu baharini kwa mikono yao huku yana moto.

Mwaka 2005 Marekani walichukua meli yao iliyostaafu, USS America, wakailipulia mabomu chini na pembeni kwa wiki kadhaa ili wajifunze, mwisho wakaizamisha wenyewe kwa kuingiza maji. Kuiharibu ishindwe kurusha ndege inawezekana, na hilo kivita linatosha kuwa hasara kubwa. Kuipeleka chini kwa pigo moja ni habari nyingine.

---

Mdadisi27

Dada BintiBahari umenifungua. Sasa swali la mwisho, kama hatari ni hizo zote, kwa nini nchi bado zinazitaka? China wanajenga, India na Ufaransa wanataka mpya. Kazi yake ambayo kitu kingine hakiwezi ni ipi?

---

ChumaChaPua

Kazi yake ni kiwanja cha ndege kisichoomba ruhusa. Ukitaka kurusha ndege kutoka nchi ya mtu lazima akubali, na leo anakubali kesho anakataa. Oktoba 2001 Marekani walipotaka kuingia Afghanistan ambayo haina hata pwani, viwanja vya karibu vilikuwa shida, wakaichukua USS Kitty Hawk wakaacha ndege zake nyingi, wakaijaza helikopta za vikosi maalum ikawa kambi yao baharini. Uingereza 1982 bila HMS Hermes na HMS Invincible wasingeenda Falklands, hakuna kiwanja karibu.

Na sio vita tu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, USS Abraham Lincoln ilienda Aceh, Indonesia, ambako barabara za pwani zilikuwa zimefutika kabisa, helikopta zake zikawa zinapeleka chakula na maji na kurudi na majeruhi siku nzima. Meli za aina ile zinatengeneza maji safi kutokana na bahari, lita kama milioni moja na nusu kwa siku. Mwaka 2010 Carl Vinson ilifanya kazi kama hiyo Haiti baada ya tetemeko.

Kitu ambacho watu hawahesabu ni kwamba ukiwa na meli moja huna meli. Moja iko kazini, ya pili wanajifunza, ya tatu iko chelezoni. Ufaransa wana moja, ikiingia matengenezo nchi nzima haina. Sheria ya Marekani inasema jeshi lisiwe na chini ya 11 lakini zinazokuwa baharini kwa wakati mmoja mara nyingi ni tatu nne hivi. Vinu vya nyuklia vya meli za aina ya Nimitz, zilizotangulia Ford, vinabadilishwa mafuta mara moja tu katika miaka 50 ya maisha yake, karibu na mwaka wa 25, ila kazi hiyo kwa USS George Washington ilianza 2017 ikaisha 2023. Na isidanganye mtu kwamba nyuklia maana yake haihitaji mafuta, ndege zinakunywa mafuta, kwa hiyo kila baada ya siku chache meli ya mafuta inakuja ubavuni zinakwenda sambamba mita hamsini hivi huku mabomba yananing'inia katikati yake.

---

Msema_Wazi

Hapo kwenye kiwanja kisichoomba ruhusa sina la kupinga, kwa nchi zenye maslahi mbali na kwao inaeleweka. Msimamo wangu ni kwamba kwa nchi zinazolinda pwani yake tu, nyambizi na makombora ya nchi kavu yanatosha na kubaki, na Brazil ni mfano, walinunua meli kuukuu ya Wafaransa mwaka 2000, ikaungua, ikakaa zaidi bandarini kuliko baharini, mwisho hakuna bandari iliyotaka kuipokea kuikata kwa sababu ya asbesto, Februari 2023 wakaizamisha Atlantiki.

---

Tezi_na_Omo

Msema_Wazi hapo kwa nchi za pwani tuko pamoja. Na ile hoja yako ya umbali wenyewe wanaifanyia kazi, Marekani wanatengeneza droni inaitwa MQ-25 ambayo kazi yake ni kupaa kutoka sitahani na kujaza ndege zingine mafuta angani, ili F/A-18 na F-35C ziende mbali zaidi na meli ibaki nyuma. Leo kazi hiyo inafanywa na F/A-18 zenyewe, yaani ndege ya kivita inafungwa matanki na kugeuzwa kituo cha mafuta, inazeeka bure kwa kazi isiyo yake. Mdadisi27 ukitaka kujua kama hizi meli zina miaka mingine hamsini, fuatilia hiyo droni ikianza kazi ndege zitafika umbali gani, kuliko kuangalia ukubwa wa meli.